Mama Amekataa Kurudi Husby

Mama alikwenda Uskoti kwa miezi miwili. Hilo naomba lieleweke tangu mwanzo, kwa sababu dada yangu siku hizi anasimulia kana kwamba mama alihamia. Hakuhamia. Alikwenda kutembea, na tikiti ya kurudi nilimchapishia mimi mwenyewe maktabani, nakala mbili, moja ya mkobani na moja ya mfuko wa koti, maana namjua. Siku ya kurudi ilipofika nikatoka kwetu Husby, pembeni mwa Stockholm, na chupa ya chai nikaenda kumpokea uwanja wa ndege. Abiria wote wakatoka. Wakatoka hata wahudumu wa ndege, wakivuta visanduku vyao. Nikabaki mimi na chai.

Nikampigia dada.

"Mama yuko wapi?"

"Yuko hapa, anamenya viazi."

"Anamenya viazi vipi wakati ndege imeshatua?"

"Usinipigie kelele. Ongea naye mwenyewe."

Mama akachukua simu, akanisalimu kwa utaratibu, akauliza nimekula nini, akauliza kama mvua imenyesha, halafu akasema, kama mtu anayesema amesahau mwavuli, "Baba, mimi sirudi kwanza."

Tangu nimezaliwa mama ananiita baba, jina la heshima ambalo mama zetu huwapa watoto wa kiume wanapotaka kuwanyima kitu.

Sasa mimi ni mtu wa nyumbani. Sijifichi. Nilishasafiri kiasi cha kunitosha: kutoka Kongo hadi kambini Tanzania kwa miguu, nikamalizia sekondari chini ya maturubai, kisha ndege ikanileta Sweden, na hapo nikaona basi, imetosha. Nasafisha mabasi gereji, zamu ya alfajiri, saa tisa mchana niko kwenye kochi. Wenzangu wakienda likizo Thailand, mimi nakwenda kwenye balkoni. Nikifika Farsta, upande wa pili wa jiji hilo hilo, najiona niko ng'ambo. Wasweden hutoka kwa wazazi wakiwa na miaka kumi na tisa, mimi nina arobaini na sita na mama bado alikuwa ananiuliza kama nimevaa soksi. Wacheke wanaotaka kucheka. Nyumba yetu ilikuwa nzuri.

Na nyumba hiyo, kwa miaka kumi na moja, niliiendesha kwa ajili yake. Nani aliyempangia vidonge kwenye kile kiboksi chenye siku saba? Nani aliyesubiri simu ya kituo cha afya, ile inayosema bonyeza moja tutakupigia, halafu inakupigia ukiwa chini ya basi na ndoo mkononi? Nani alimtafsiria kwa daktari mpaka mambo ambayo mtoto wa kiume hapaswi kutafsiri? Lifti ilipoharibika wiki tatu, nani alimbeba mgongoni ghorofa nne? Dada yangu, kwa miaka hiyo hiyo, alituma picha. Mlima. Mlima wenye wingu. Mlima wenye wingu na kondoo. Na chini yake, kila mara: "Mama, ona panavyofanana na kwetu!"

Kwa hiyo nikaomba ruhusa ya wiki moja kazini. Msimamizi wangu alishtuka, akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hajafa mtu, naenda kumrudisha mama.

Ndege hadi Edinburgh, treni, basi, na mwisho wa basi dada ananisubiri kwenye gari lenye matope hadi madirishani. Mume wake hufanya kazi kwenye visima vya mafuta baharini, wiki tatu hayupo, wiki tatu yupo, na safari hii hakuwepo. Tulikumbatiana. Halafu tukaanza kugombana kabla sijafunga mkanda.

Barabara ya kwenda kijijini ina upana wa gari moja. Gari likija mbele, mmoja wenu anajibana pembeni, mahali palipopanuliwa kidogo, na anayepita anainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Dada akainua chake. Gari la pili, kidole. Trekta, kidole.

"Unamjua huyo?"

"Simjui."

"Sasa unamsalimia nini?"

"Huku kila mtu anasalimiwa."

"Hata Husby tunasalimiana."

"Husby mnaangaliana viatu kwenye lifti," akasema, na akacheka, na mimi nikaangalia dirishani kwa sababu ni kweli, na sikuja mpaka huko kuambiwa kweli.

Kijiji chenyewe nimekihesabu: nyumba kumi na saba za mawe ya kijivu. Kanisa limeuzwa, mtu ameweka jiko ndani. Duka ni moja, ndilo posta, na linafungwa saa saba mchana kama vile baada ya hapo hakuna atakayeishiwa na chumvi. Basi ni asubuhi na jioni. Mvua haitoki juu, inatoka pembeni. Na kila upande, mlima. Mlima usio na mti hata mmoja, umenyolewa, umevaa majani mafupi na mawe, na juu yake kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji zinapanda moja kwa moja mpaka kwenye ukungu, na huwezi kujua huko juu zinamzuia nani. Kondoo wana rangi ya buluu matakoni kama waliokalia benchi ambalo rangi yake haijakauka. Wanakutazama. Hawana la kufanya.

Na nitakiri, tulipopinda kona ya mwisho na lile bonde likafunguka, kijito kinang'aa chini na ukungu umekaa kwenye mabega ya mlima, kifua changu kilishtuka. Panafanana kweli. Panafanana na kule juu kwetu, ng'ombe wakitolewa asubuhi. Hasira yangu ikaongezeka mara mbili. Nilikuja kupigana na dada, sikujua kwamba nitapigana na nchi nzima.

Mama hakuwepo nyumbani.

"Yuko kwa mzee," dada akasema.

"Mzee gani?"

Akaweka birika motoni kwanza. Dada yangu ni muuguzi, habari mbaya huzitanguliza na chai. Mzee ni jirani, mfugaji wa kondoo, nyumba ya juu kabisa pale njia inapoishia. Wiki ya pili baada ya mama kufika, mke wa mzee alifariki. Watu wa kijiji wakafanya wanavyofanya: mmoja akapeleka supu, mwingine keki ya nyama, wakaweka mlangoni na kadi, wakarudi kwao. Mama alikuwa dirishani anawatazama.

"Mbona wanatoka?" akauliza.

"Wanampa nafasi, mama."

"Nafasi ya kufanya nini?"

Mama akajifunga kitenge, akachukua blanketi lake na sufuria ya maharage iliyokuwa bado jikoni inachemka, akapanda njia. Dada alipogundua na kumkimbilia, mama alikuwa ameshaingia. Hakubisha hodi, msibani hakuna hodi. Alivua viatu, akatandika blanketi kwenye sakafu ya jikoni kwa yule mzee, akakaa, akanyoosha miguu, akaanza kulia. Kwa sauti. Kilio chetu, kile chenye maneno ndani.

"Nilitaka ardhi inimeze," dada akasema. "Mzee amesimama na kikombe mkononi. Mimi namwomba radhi kwa Kiingereza chote ninachokijua, namvuta mama mkono, hainuki. Mwisho mzee akaniambia, mwache. Akavuta kigoda akakaa."

Mama akarudi siku ya pili. Na ya tatu. Siku ya mazishi kijiji kizima kilishaambizana kwamba marehemu alikuwa na ndugu Afrika ambaye hakuwahi kumtaja. Msiba ukaisha, mama akaendelea kupanda.

"Na wewe ukamwacha," nikasema. "Ukamwacha mama yetu akae sakafuni kwa mzungu asiyemjua, na goti lile."

"Goti gani?"

"Goti! Goti lake! Unataka nikutolee barua za mtaalamu wa mifupa?"

"Kesho mfuate," dada akasema. "Utaliona goti."

Mama alirudi saa kumi na moja, mashavu yamepigwa upepo, akanikumbatia kwa nguvu ambazo sikuzijua. Alinusa shingo yangu. Akasema nimekonda. Nikamwambia nimekuja tufunge mizigo, Jumamosi tunaondoka. Akasema, "Umefika salama, kwanza ule."

Kesho yake nikamfuata.

Naomba niseme jambo kuhusu goti hilo. Goti hilo Stockholm lina faili. Kwa ajili ya goti hilo niliandika maombi ya teksi ya wazee mara mbili, ya kwanza wakakataa, nikakata rufaa kwa Kiswidi nilichokiazima kwa mtoto wa jirani. Kwa ajili ya goti hilo mama alikuwa haendi hata chumba cha kufulia cha jengo. Sasa nikamwona mbele yangu, miaka sabini na moja, buti za mpira, fimbo mkononi, anapanda njia ya mawe na maji yanateremka katikati yake, na haangalii nyuma. Mimi nyuma nahema kama basi la zamani. Kondoo wanamjua, hawakumkimbia. Walinikimbia mimi.

"Mama," nikaita. "Goti haliumi?"

"Linauma."

"Sasa?"

"Sasa nini? Twende, mvua inakuja."

Nyumba ya mzee inanuka moshi, mbwa na sufu iliyolowa. Yeye mwenyewe ni mrefu, masikio makubwa, mikono kama majembe. Akanipa mkono, akasema jambo kuhusu hali ya hewa, mama akamjibu kwa Kiswahili kwamba ndiyo, jana ilikuwa afadhali. Mzee akatikisa kichwa akakubali. Nikadhani utani. Si utani. Ndivyo wanavyoongea. Kila mmoja kwa lugha yake, siku nzima, na katikati ya sentensi moja na nyingine unaweza kuchemsha yai. Mama akatandika blanketi lake karibu na jiko la makaa, akakaa, akaanza kuchambua maharage kwenye sinia. Mzee akakaa kigodani anatengeneza kamba. Nikatoa simu. Hakuna mtandao. Nikarudisha simu.

Baada ya nusu saa nikashindwa.

"Mama, unataka kuniletea baba wa kambo mwenye kondoo?"

Akacheka mpaka maharage yakamwagika. "Huyu? Huyu anakoroma akiwa macho. Mjinga wewe."

"Basi tuondoke. Chumba chako nimekipaka rangi. Nimebadilisha pazia. Daktari amekupa tarehe mpya. Wamama wa kanisani wananiuliza kila Jumapili, mama yuko wapi, nimwambie nini mchungaji, mama amehamia jikoni kwa mtu?"

Akaacha kucheka. Akaokota maharage, punje moja moja.

"Mjomba wako alipokufa," akasema, "ulinipa saa nne."

Mzee akainua macho kwa sababu ya sauti, akayarudisha kwenye kamba yake.

Nilijua mara moja anachosema, na hasira ikanipanda mpaka masikioni, hasira ya mtu aliyekamatwa. Vuli iliyopita kaka yake wa mwisho alifariki kule kwetu Uvira. Habari ililetwa na simu. Jioni ile ile wamama walikuja na mikeka yao Husby, wakajaa sebuleni, kilio kikaanza. Haikupita saa mbili, karatasi ikasukumwa kwenye tundu la barua: Kiswidi cha adabu, tukumbukeni sisi jirani zenu, alama tatu za mshangao. Mimi karatasi ya namna hiyo inaniondolea usingizi. Ukishakaa kambini, unajua kwamba mahali pa kulala ni mahali unapoweza kuambiwa utoke. Nikawaomba wamama warudi makwao. Kesho yake nikashuka chini nikakodi ukumbi wa jengo, na ukumbi unakodiwa kama mashine za kufulia: unachagua siku, unachagua saa, unachukua ufunguo. Jumamosi, saa nane hadi saa kumi na mbili jioni. Masharti yamebandikwa mlangoni: muda ukiisha, sakafu iwe imepigwa deki na viti vimepangwa ukutani.

Watu walikuja wengi. Mama alianza kusimulia habari za kaka yake saa kumi na moja. Alikuwa anasimulia vita vya zamani, yeye msichana mdogo, kaka yake amembeba mabegani wanavuka mto umejaa. Maji yako kiunoni kwa kaka. Maji yako kifuani. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro robo. Nikaanza kupanga viti.

Nilivipanga polepole, naapa. Nilianzia vile vya nyuma. Lakini viti vya chuma vina sauti, na watu wetu wana adabu, wakaelewa, mmoja mmoja wakaanza kuinuka, mchungaji akaomba sala ya mkimbio. Mama alinyamaza akiwa bado katikati ya mto. Mimi nikapiga deki. Nilirudisha ufunguo dakika tano kabla ya muda, nikapiga na picha ya sakafu, nikamtumia mtunza jengo. Na nilijisifu, wallahi. Nikamwambia mama njiani kwenye ngazi, umeona, hakuna aliyelalamika.

"Sikukwambia kitu," mama akasema sasa, jikoni kwa mzee. "Ulikuwa umechoka. Lakini kilio kilibaki humu. Nilikuwa nakipeleka kwa daktari, unaniambia goti. Nikaja huku, nikasikia kuna msiba, nikaja nikalia. Siku ya kwanza nilimlilia mke wake. Siku ya pili nikamlilia kaka yangu. Nikamsimulia huyu mzee yote, mto wote, mpaka ng'ambo. Hakuelewa hata neno. Lakini hakuinuka."

"Na mimi je?" Nilisimama. Nilipaza sauti kwenye nyumba ya watu, mbwa akatoka chini ya meza. "Mimi niliyekaa? Ulipovunjika mkono nani alikuogesha?"

"Wewe."

"Nani alikubeba ngazi?"

"Wewe, baba."

"Miaka kumi na moja, mama! Dada alikuwa anakutumia mawingu! Leo mimi ndiye mbaya kwa sababu ya viti?"

"Sijasema u mbaya. Sijasema umenitesa. Nimesema ulipanga viti."

Kama angenitukana ningeweza kumjibu. Nikamgeukia mzee. Kiingereza changu ni cha sekondari ya kambini, kinanyooka vizuri nikiwa na hasira. Nikamwambia: mimi ni mwanawe, nimetoka Stockholm, nimekuja kumchukua. Nilitaka agombane. Nilitaka aniambie hapana, anipe sababu ya kumwambia kwamba kama anahitaji mtu wa kukaa naye atafute mama yake mwenyewe.

Mzee akaweka kamba chini. Halafu akasema, "Sawa. Basi atahitaji blanketi lake." Akaenda akasimama mbele ya mama, akamwonyesha kwa mkono ainuke kidogo, akalichukua lile blanketi kutoka sakafuni, akalikung'uta nje ya mlango, akalikunja. Lile ambalo mimi nalikunja mara mbili tu, yeye alilikunja nne, pembe kwa pembe, akalilaza kwenye mikono ya mama kama kitu kilichotoka dukani.

Mama akalitazama. Akanitazama. Uso wake haukuwa na ugomvi wowote, na hilo ndilo siwezi kumsamehe. Akalikunjua, akalitandika pale pale, akakaa, akavuta sinia.

Niliteremka mlima peke yangu na mvua ya pembeni usoni. Nikawatukana kondoo kwa lugha nne.

Siku tatu zilizobaki sikuongea na dada ila kwa lazima, na lazima ilikuwa moja. Ijumaa, kesho yake nikiwa naondoka peke yangu, nikakaa kwenye meza yake na karatasi. Nikaandika kurasa nne, pande zote mbili. Kidonge cheupe asimeze na maziwa. Kile cha njano akikataa usimlazimishe asubuhi, atameza mchana akifikiri ameshinda. Akisema ameshakula, uliza amekula nini. Akisema yu mzima mara mbili mfululizo, hayuko mzima. Usimwogeshe na maji ya moto sana hata akiyaomba. Viatu vya namba thelathini na tisa anavisema tu kwa fahari, ni arobaini na moja.

"Mimi ni muuguzi," dada akasema. "Haya nayajua."

"Hujui."

"Ni mama yangu pia."

"Ndiyo maana nakuandikia. Ungekuwa mgeni ningekuacha ujifunze mwenyewe."

Mama akapita nyuma yetu na kikapu cha nguo, akasimama, akaniambia nimsomee. Nikasoma yote, kurasa nne, kwa sauti ya mtu anayesoma mashtaka. Alisikiliza mpaka mwisho, ameshika kikapu.

"Umesahau uji," akasema. "Siku hizi sitii sukari."

"Tangu lini?"

"Tangu nije."

Nikaandika uji, bila sukari. Nilibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Dada akazichukua zile kurasa, akasema atazibandika kwenye friji.

"Usibandike," nikamwambia. "Soma."